Sindano za Kulipa Baada ya Idi

Ukimsikia mtu anasema sindano za kifua haziumi, mwulize alichomwa wapi na nani. Mimi nilichomwa matakoni, leo kushoto, kesho kulia, mpaka nikawa siwezi kukaa kitako bila kuchagua upande. Zinauma. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuja kunipa moyo alianza kwa kunidanganya, na uongo ulinichosha kuliko kikohozi chenyewe. Wewe unayesoma haya ukiwa na kikopo cha kutemea makohozi chini ya kitanda, sitakudanganya. Zinauma, zinachosha, na zinaponya, ila ukizimaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashonea barazani kwa baba yangu, Mzee Salum, mwenye duka la sukari, chumvi, mafuta ya taa na vitambaa pale mjini Sumbawanga. Mama alikwisha fariki. Nyumbani tulikuwa watu watatu tu: baba, mimi, na mke wangu Mwajuma, ambaye ndoa yangu naye ilikuwa bado changa.

Kikohozi kilinianza pamoja na mvua. Sote tukakiita mafua, kwa maana Ufipa kuna baridi na upepo, na huku kila mtu hukohoa kidogo. Mvua zikakolea, wakulima wakapanda mahindi, mahindi yakatoa mbelewele, na mimi bado nakohoa. Suruali niliyojishonea mwenyewe nikaipunguza kiuno, kisha nikaipunguza tena. Mwajuma akawa anaanika shuka kila asubuhi kwa jinsi nilivyokuwa nalowa jasho. Majirani wakamtania kwamba huyu bibi arusi anapenda sana kufua. Alicheka nao, akaingia ndani akalia.

Nilipokwenda hospitali nilidhani nitapewa chupa ya dawa nirudi kazini. Kumbe nilikuwa nakwenda kujifunza kukaa benchi. Ile benchi ya hospitali naijua kuliko kitanda changu. Ilikuwa imepasuka katikati, ukikaa vibaya inakubana nguo, na aliyekaa katikati ndiye aliyebanwa, kwa hiyo watu walikuwa wanagombea pembeni. Nikaambiwa nije kesho na makohozi ya asubuhi. Nikaja nayo. Nikaambiwa mpimaji hayupo. Nikaja tena, mpimaji yupo, kikopo changu kimepotea. Siku walipokipata na kunipa jibu, nilikuwa nimekwisha kasirika kiasi kwamba sikusikia hata uchungu wa jibu lenyewe.

"Fundi, ni kifua kikuu," dresa aliniambia. Dresa, yaani yule msaidizi wa daktari anayechoma sindano na kufunga vidonda, alikuwa Mfipa mnene, mpole kwa sura lakini mkali kwa maneno. "Dawa yake sasa ipo. Ni sindano, kila siku isipokuwa Jumapili, na vidonge juu yake. Miezi. Sisemi wiki, nasema miezi. Ukianza usikatize."

"Na nikijisikia nafuu?"

"Hasa ukijisikia nafuu, usikatize."

Basi nikaanza. Asubuhi dresa alikuwa anawasha jiko la pampu, anachemsha mabomba ya kioo na sindano zake ndani ya sufuria, nasi tunakaa tunaisikiliza sufuria ikitokota. Kisha anachukua kichupa chenye unga mweupe, anaingiza maji kwa sindano, anakitikisa, anavuta, anaita jina. Sindano zenyewe zilikuwa zimechemshwa mara nyingi mpaka zimekuwa butu. Mimi nisingeshonea kanga kwa sindano ya namna ile. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba kanga hailalamiki.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Krisanti, mkulima wa Mollo, Mkatoliki, mtu wa ulezi na mahindi. Yeye alikuwa amelazwa wodini kwa sababu kwao ni mbali. Alinifundisha kutia uzito mguu wa pili ili tako lilegee, na kukohoa wakati sindano inaingia ili mawazo yaende kwingine. Akaniambia vile vidonge vikubwa vinavyochafua tumbo nivimeze na uji wa ulezi, si na maji matupu. Huruma kama hizo ndizo zilizonivusha. Daktari Mzungu alipita mara moja moja, akatazama karatasi, akaenda zake.

Baba hakutaka neno kifua kikuu litajwe. Si barazani tu, hata chumbani. Aliita "ile shughuli yako ya asubuhi". Nilikuwa natoka mapema kwa njia ya nyuma, nazunguka kwenye mashamba, narudi kabla wateja hawajawa wengi. Akiulizwa, alisema nimekwenda kupeleka nguo. Nilikubali kwa kuwa nilimwonea huruma. Ni nani atakayenunua sukari kwenye nyumba yenye kikohozi kile?

Mvua zikaisha. Baridi ikaanza kushuka, upepo wa Ufipa ukaanza kuvuma vumbi sokoni. Na kweli nikapata nafuu! Jasho likakoma, chakula kikawa kitamu, suruali ikaanza kunibana. Midomo ilikuwa inaniwasha kila baada ya sindano na kichwa kikizunguka kidogo nikisimama ghafla, lakini nani alijali? Mwajuma aliimba akiwa anapika. Nilidhani nimefika.

Hapo Ramadhani ikaandama.

Usiku wa kuonekana mwezi baba aliniita barazani. Alikuwa na furaha kama kila mwaka, kwa sababu ya funga na kwa sababu ya biashara pia. Mji mzima wa Waislamu ulikuwa unataka nguo mpya za Idi, na cherehani ilikuwa moja pale barazani, yangu.

"Athumani," akasema, "kesho tunafunga. Hiyo shughuli ya asubuhi itasubiri."

"Baba, siwezi kusimamisha. Dresa amekataza."

"Sindano ni kitu kinachoingia mwilini. Kikishaingia, funga imekwenda."

"Basi nisifunge. Mgonjwa ameruhusiwa, baba. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Mgonjwa ni nani? Mgonjwa ni aliyelala kitandani. Wewe unatembea, unashona, unakula sinia zima. Utafunga na wenzako. Hizo sindano utazilipa baada ya Idi." Kisha akaongeza kwa upole, akiamini kabisa anachokisema: "Mwanangu, Mwenyezi Mungu mwenyewe anakubali kulipwa siku zake. Dresa ni nani akatae kulipwa sindano?"

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu inanichemka. Ubishi wake ningeuweza, maana wazee wote ni wabishi. Kilichonishinda ni kwamba yaliingia akilini kabisa. Sisi tumezoea tangu utotoni kwamba siku ukiikosa unaihesabu, unailipa, mambo yanakwisha. Mwanamke analipa, msafiri analipa. Kwa nini sindano isilipwe? Hata mimi, ambaye vijidudu vya makohozi yangu vilikuwa vimeonekana kwenye darubini, nililiona jambo hilo kuwa na maana.

Nilijaribu njia ya kati. Nilikwenda kumwomba dresa anichome baada ya magharibi.

"Jiko nalizima saa kumi," alisema. "Nami nina nyumba, fundi."

"Basi nitazilipa. Nitakuja baada ya Idi unichome mbili mbili."

Krisanti, aliyekuwa benchi, ndiye aliyecheka kwanza. "Wewe fundi! Sisi Kwaresima tunaacha nyama. Hatujaacha dawa!"

Dresa hakucheka. "Hakuna mbili mbili," alisema. "Na ukiacha, usije kunililia hapa." Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni, akaita jina linalofuata. Kama angenishika mkono siku ile akanikalisha, sijui. Hakunishika. Watu walikuwa wengi na jiko lilikuwa linatokota.

Mwanzo wa mwezi nilijiona shujaa. Mchana nashona kanzu, jioni nafuturu barazani pamoja na baba na majirani, tumezunguka sinia moja la muhogo na viazi, bakuli la uji likipita mkono kwa mkono. Baba aliniwekea vipande vizuri upande wangu. Alikuwa ananipenda, msinielewe vibaya. Alinitazama nakula, akamwambia jirani, "Mnamwona fundi wangu?" Mwajuma alikuwa anahesabu shuka.

Katikati ya mwezi jasho likarudi, kisha homa za jioni. Nikawa nakula daku na kuitapika. Nilimwambia baba, akasema ni funga, kila mtu analegea. Kanzu zilikuwa zimepangwa nyuma yangu mpaka kiunoni.

Ilikuwa mchana, jua kali na upepo, mteja amesimama anasubiri kanzu yake nitie kola. Nikakohoa. Kikatoka kitu cha moto, chekundu tupu, kikaangukia kitambaa cheupe, na kingine kikafuata. Mteja akarudi nyuma. Baba alikuwa mwepesi kuliko nilivyomjua: alikusanya ile kanzu mikononi, akaikunjakunja, akacheka.

"Huyu fundi kajidunga kidole tena!" alisema. "Nitakupa kitambaa kipya, bwana. Kipya kabisa."

Nilikuwa nimekaa na damu kwenye meno. Mteja aliniona. Baba alijua kwamba ameniona. Lakini wote wawili walikubaliana kwamba ni kidole, mteja akachagua kitambaa kipya, akashukuru, akaondoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari yote ile haikuwa funga. Baba aliijua dini yake, alijua mgonjwa hafungi. Mtu akinywa maji mchana wa Ramadhani ndani ya mji mdogo, watu wanauliza ana nini. Hilo swali ndilo baba alilokuwa analikimbia, na akanikimbiza nalo.

Mwajuma alitoka ndani. Alikuwa na kikombe cha maji. Alipiga magoti mbele ya baba kama ilivyo heshima, akasema kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, "Baba, nisamehe. Namchukua mume wangu." Kisha akanipa yale maji pale pale barazani, jua la saa nane, nikanywa. Baba akaingia ndani, akafunga mlango wa duka.

Tulipita barabara kubwa, si njia ya nyuma.

Daktari Mzungu safari hii hakupita. Alisimama, akafoka kwa Kiswahili chake kilichovunjika, dresa akanitafsiria sehemu zilizobaki: zile za kwanza zote zimepotea, tunaanza upya, na hakuna anayejua kama ugonjwa haujaizoea dawa. Hilo la mwisho ndilo lililonilaza chini. Kwamba nitachomwa tena miezi yote ile na huenda nachomwa bure. Ningejua namna ya kumkasirikia mtu mmoja ningepata nafuu. Nilimkasirikia baba, dresa, daktari, Mwajuma kwa kuwa sahihi, na Krisanti kwa kuwa amenenepa.

Nililazwa. Kitanda changu kilitazama barabara iendayo Kizwite, na kila niliyemjua mjini alipita pale. Walininyooshea mkono kwa mbali, nami nikanyoosha wangu. Kule dukani baba alikuwa anawaambia watu wale wale kwamba nimekwenda Tabora kununua vitambaa. Wakamwitikia. Mji wetu una adabu sana.

Ulezi ukavunwa, baridi ikafika mwisho wake, moto wa mashamba ukafanya anga kuwa jeusi. Krisanti akaruhusiwa, akaniachia kopo lake la uji. Mvua zikarudi. Sindano zikaendelea. Matako yangu yakawa na vinundu, dresa akawa anatafuta pa kuchoma kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Kisha masikio yakaanza kulia. Mwanzo ilikuwa sauti nyembamba ya mbu, baadaye ikawa haiondoki. Adhana ya mbali nikaacha kuisikia. Nikitembea gizani nilikuwa napepesuka, wodi nzima ikanitania kwamba nimekunywa pombe ya ulezi.

Nilimwambia dresa. Akamwambia daktari. Wakapunguza ziwe mara chache kwa wiki, na dresa akanieleza bila kuficha: "Masikio yanaweza yasirudi yote. Mapafu yanarudi. Chagua." Nilikasirika tena. Kuna chaguo gani hapo? Lakini nitakwambia wewe, kama nilivyoahidi kutokudanganya: sikio la kushoto halikurudi. Ukisikia mlio, sema siku hiyo hiyo, usisubiri kama mimi.

Baba alikuja mara moja tu. Alisimama nje ya seng'enge ya hospitali, amevaa koti, kanzu inapepea. Nilitoka nikasimama ndani ya seng'enge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

Akageuka pembeni, akaweka leso mdomoni, mabega yakatikisika. Sikuisikia ile sauti kwa masikio yangu mabovu. Niliiona. Niliyaona mabega yakipanda na kushuka kwa namna ambayo mtu wa wodi ile hahitaji kuisikia.

"Baba, hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Vumbi la magunia," akasema, akaondoka.

Nikakaa kwenye nyasi. Nililikumbuka sinia, bakuli la uji, na mimi nimekaa ubavuni kwake jioni zote zile bila dawa mwilini. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Niliruhusiwa mvua zilipokuwa zinapungua, nikiwa mnene, kiziwi nusu, makohozi yangu safi. Wateja wakanipokea: "Karibu kutoka Tabora, fundi!" Niliwajibu kwamba Tabora siijui, nilikuwa hospitali, kitanda cha dirishani, na ninyi mmenipungia mkono. Wengine walicheka. Wawili watatu hawakurudi. Baba hakunisemesha juma zima.

Kumpeleka hospitali kulinishinda kuliko sindano zangu zote. Nilimbembeleza, nilimgombeza, Mwajuma alimpigia magoti. Ilikuwa vumbi, ilikuwa baridi, ilikuwa uzee. Koti lake nililipunguza kwa mkono wangu mwenyewe, ameketi mbele yangu, na bado ilikuwa vumbi. Aliyemshinda hatimaye ni mwili wake. Asubuhi moja alishindwa kunyanyua ratili ya sukari kuiweka kwenye mzani, mteja akaiinua mwenyewe. Aliniambia pale pale, bila kunitazama, "Nipeleke."

Sindano zake zilianza mahindi yakikauka shambani. Alipita njia ya nyuma, nami nikamfuata. Kisha Ramadhani ikaandama tena, na sikulala usiku ule. Nilikuwa nimejipanga kugombana naye mbele ya msikiti ikibidi. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, kavaa, fimbo mkononi.

"Twende," alisema. Alipofika mlangoni akageukia barabara kubwa.

Benchi ilikuwa ile ile. Dresa akamwamkia, akamchoma, baba akatukana kimya kimya. Kisha ikaja zamu ya vidonge, navyo havimezeki bila maji. Nilimshikia kikombe. Wakati huo huo akatokea mama mmoja wa Kizwite, mteja wetu wa chumvi na sukari, kikapu mkononi, akasimama kututazama.

"Shikamoo, Mzee Salum," akasema. "Na mfungo huu?"

Baba alikitazama kikombe. Nilitaka kumsemea, nikauma ulimi. Akanywa. Akakinywa chote, polepole, maji yakamchuruzika kwenye ndevu.

"Marahaba, mwanangu. Sikufunga," akasema. "Nina kifua kikuu. Athumani alikuwa nacho kabla yangu, na Tabora hakwenda. Ukitaka sukari yangu njoo, hutaki basi."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno yale mwaka mzima. Yalipotoka nilifurahi, na papo hapo nilitaka kuivunja ile benchi, kwa jinsi yalivyokuwa mafupi.

Yule mama hakuondoka. Alitazama kikapu chake, kisha akatazama nyuma, kwenye kona ya jengo.

"Mume wangu yuko kule nyuma ya jengo," akasema. "Yuko kule tangu alfajiri na kikopo chake cha makohozi. Alisema hatoki mpaka ninyi mwondoke, msije mkamwona."

Baba alikohoa, akafuta mdomo, akasogea mpaka kwenye ule ufa wa benchi unaobana nguo.

"Mwite," akasema. "Mwambie nafasi ipo."